Lempi Trevarrow na Pindo la Hamsini na Nne

Marehemu Lempi Elina Trevarrow, binti Rautio, alituachia maagizo matatu: azikwe kabla ya tarehe 15 Novemba, kahawa ya msibani isiwe maji ya kuoshea vikombe, na wasifu wake usidanganye.

La kwanza tumelitimiza. Leo ni tarehe 14, na msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa kesho alfajiri. Alijua kwamba akichelewa siku moja tu, angezikwa na Mchungaji Aho peke yake, naye mchungaji akichungulia saa. La pili mtajionea wenyewe ukumbini, pamoja na mkate wa iliki. La tatu ndilo limewakosesha usingizi ndugu wa marehemu kwa wiki nzima. Kila mtu katika kanisa hili anajua kwamba Lempi Trevarrow hakuwahi kukosa kulungu. Jina hilo alilijenga kwa miaka sitini, na leo mimi, mpwa wake Sylvi, nimetumwa naye mwenyewe kulitia nyundo. Nivumilieni. Nitafika.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 hapa Pelto, Michigan, mtoto wa pili wa Eino na Hilja Rautio. Wa kwanza ni kaka yake Onni, baba yangu, yule pale mstari wa mbele aliyevaa koti la kuwindia kanisani. Marehemu alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, kama watoto wengi wa enzi zile, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye maji moto ambacho mwanamume hakuthubutu kufungua mlango wake. Alisoma shule ya msingi ya Pelto, akamaliza sekondari Juni 1959, wa kwanza kwa hesabu. Mwalimu aliandika kwenye ripoti yake: "Lempi ana majibu sahihi, na hana subira na wenye majibu mengine." Ripoti hiyo aliitundika jikoni mpaka anakufa, kama watu wengine wanavyotundika picha ya Yesu.

Mwaka 1960 baba yake aliumia mgongo, marehemu akaacha masomo ya ukarani huko Marquette kuja kushika duka la familia: misumari, rangi, taa, na mwisho kabisa, upande wa kushoto, rafu ya risasi. Aliisimamia rafu hiyo miaka arobaini na tisa, hadi alipostaafu mwaka 2009. Hapo ndipo nusu yenu mlipokutana naye, na hapo ndipo alipowavua kiburi.

Maana mwanamume wa Pelto hachagui risasi kwa kumfikiria kulungu. Huichagua kwa kumfikiria shemeji yake. Shemeji akiwa na risasi ya mbili sabini, yeye anataka thelathini-sifuri-sita, iliyo nene zaidi. Shemeji akipanda, yeye anataka magnamu, yenye teke kuliko zote. Walikuja dukani na ukurasa wa gazeti umekunjwa mfukoni, wanajua kasi ya risasi kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wao. Risasi hii, gazeti linasema, inaua kutoka ng'ambo ya bonde. Marehemu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na huko kwako mwituni unaona umbali gani, bwana?"

"Kama hatua sabini hivi. Miti imebanana."

"Basi bonde utalitoa wapi?"

Kuanzia majira ya kuchipua ya mwaka 1964 aliweka sheria yake, ile ya sahani. Mteja alipewa sahani moja ya karatasi, ya kulia keki, na kupelekwa kwenye shimo la changarawe nyuma ya duka. Sahani inapigiliwa hatua mia moja, mteja anaketi chini, si mezani, na kupiga risasi tatu kwa bunduki yake. Zote tatu zikiingia kwenye sahani, anauziwa kisanduku alichokitaka. Zisipoingia, anashushwa ngazi moja: risasi ndogo zaidi, isiyopiga teke sana. Naye anarudia. Walikuwepo waliokuja kwa ajili ya magnamu wakaondoka na risasi wanayoanzia wasichana wa miaka kumi na mbili, na mwaka huo kwa mara ya kwanza wakapeleka nyama nyumbani.

"Kulungu hasomi maandishi ya kisanduku," aliwaambia. "Anajua ilipoingia tu."

Wengine walikasirika wakaenda kununua mjini. Wesley Kopra, ambaye yupo hapa, alikasirika miaka kumi na moja mfululizo. Alirudi mwaka wa kumi na mbili, bega limevia damu, akaweka kofia juu ya kaunta na kusema, "Haya mama, nipe hiyo sahani yako." Hajakosa tangu siku hiyo. Mwulizeni, atawaeleza hata msipouliza.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa mume. Mnamo Septemba 1964 aliingia dukani kijana dereva wa malori ya magogo, Delmar Trevarrow, akaegemea kaunta kama mwenye duka.

"Dada, nipe visanduku viwili vya magnamu."

"Unakwenda kuwinda nini, kaka? Gari-moshi?"

"Kulungu."

"Kulungu wa hapa hazidi uzito wa mke wako."

"Sina mke."

"Hilo sishangai. Shika sahani."

Delmar alipiga tatu, na sahani ikarudi safi kama ilivyotoka kwenye pakiti. Marehemu aliigeuzageuza, akaiweka kaunta, akaweka juu yake nusu ya pai yake ya nyama na viazi. "Hatuwezi kutupa chombo kizima," alisema. Walikula wote wawili. Delmar alitoka na kisanduku kimoja cha thelathini-thelathini, risasi ya babu zetu, ya taratibu na isiyo na makuu. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 5 Juni 1965, wakaishi pamoja miaka arobaini na mitano, hadi Delmar alipotutangulia Machi 2011. Mungu aliwajalia binti mmoja, Marlys.

Sasa tufike kambini, kwenye kibanda cha uwindaji cha ukoo wetu. Anayewinda na Kambi ya Rautio akikosa kulungu, au akimjeruhi na kumpoteza, pindo la nyuma la shati lake hukatwa kwa mkasi mbele ya wote, likaandikwa jina na mwaka na kupigiliwa misumari ukutani. Hakuna msamaha, hata kwa mchungaji. (Mchungaji Aho, 2017, shati la flaneli la kijani.) Tangu mwaka 1966 mkasi ulikuwa mikononi mwa marehemu. Ukuta una mapindo hamsini na matatu, tisa yakiwa ya Delmar, na la marehemu hakuna. Aliwinda kwa risasi nyembamba, mbili hamsini na saba, na katika misimu hamsini na sita alileta kulungu arobaini na mmoja, kila mmoja kwa risasi moja. Hesabu hiyo ni ya kweli, nasi tunatembea nayo vifua mbele.

Ila inaanzia mwaka 1964. Kabla yake kuna 1963.

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka Juni mwaka jana. Alilazwa mara tatu, kisha akaomba kurudishwa nyumbani, kitanda kiwekwe dirishani atazame nani anapita na bunduki gani. Tarehe 20 Oktoba mwaka huu aliniita mimi na baba. Akatutuma kwenye kabati, tuchukue kopo la kahawa lililokuwa chini ya kaunta ya duka miaka yote. Ndani yake kulikuwa na kitambaa chekundu cha flaneli, kimekatwa kwa mkono, na maandishi ya wino: *Lempi, 1963.*

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Onni, unakumbuka mlivyonicheka kambini?"

Baba alikumbuka. Alikuwa amesema mbele ya wanaume wanane kwamba Lempi anawinda kwa sindano ya cherehani. Wote walicheka, na mcheko huo ulimwingia. Kesho yake alichukua dukani bunduki mpya ya magnamu, iliyofika mwaka huo huo, akaenda peke yake kwenye kinamasi cha mierezi. Alikuwa ameipiga mara moja tu hapo nyuma, na bega lilikuwa halijasahau. Kulungu dume alitoka hatua sitini. Kabla ya kufyatua, marehemu alifumba macho akingoja teke.

"Nilimpiga tumboni," alisema. "Sindano ya cherehani ingemlaza palepale, maana ningekuwa naangalia. Nilifuata damu siku mbili kwenye theluji. Siku ya pili theluji mpya ikaanguka, ikafunika yote. Nikarudi nikasema sikuona kitu."

Alijikata pindo mwenyewe, akalificha. Miezi mitano baadaye alitundika sahani ya kwanza. Tulidhani ni ujanja wa biashara. Kumbe alikuwa anahakikisha kwamba hakuna atakayetoka dukani kwake na risasi aliyoichagua kwa kuchekwa. Marehemu alituambia kwamba Delmar alilikuta kopo hilo mwaka 1970. Alilifunga, akalirudisha mahali pake, na kwa miaka yote iliyobaki alikatwa mapindo yake na mwanamke yuleyule bila kufungua mdomo. Mapenzi ya namna hiyo mimi sijaona kwingine.

"Lisome siku ya kunizika," marehemu aliniambia.

"Hapana," baba alikataa. "Lempi, mdogo wangu, watu wote umewakata mashati. Watakucheka kaburini."

"Wacheke. Nilikimbia kicheko kimoja, mnyama wa watu akafa kwa mateso. Sikimbii tena."

"Si afadhali mchungaji aandike, aseme mazuri tu?"

"Sylvi ataandika. Aliacha chuo kabla hawajamfundisha maneno ya kufichia mambo."

Baba alibisha wiki tatu na ushei. Alibisha hata kwenye gari tulipokuwa tunakuja kanisani asubuhi hii.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 8 Novemba 2023, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Neno lake la mwisho lenye kueleweka alimwambia Marlys, aliyekuwa anamfunika blanketi: "Mwanangu, mwambie Wesley asiongeze ngazi. Inamtosha ileile."

Ametanguliwa na wazazi wake Eino na Hilja, mumewe Delmar, na kulungu dume mmoja wa kinamasi cha mierezi, ambaye marehemu aliagiza atajwe kwa heshima pamoja na waliotangulia wengine. Ameacha kaka, Onni, binti, Marlys, wajukuu wawili, mpwa mmoja mwenye ulimi, na kaya zaidi ya mia mbili za wilaya hii ambazo friji zao zina nyama kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kuwauzia walichokitaka.

Baada ya kahawa tutakwenda kambini, na pindo la hamsini na nne litapigiliwa ukutani. Nilipanga kulipigilia mimi. Lakini tulipofika hapa mlangoni, baba aliacha kubisha, akafungua koti lile la kuwindia kunionyesha mfuko wa ndani. Mna nyundo, misumari miwili, na kipande kilichokatwa kutoka kwenye shati alilolivaa leo.

"Liwe hamsini na tano," alisema. "Mwaka 1963 ni mimi niliyecheka."

Lempi Elina, bega lako lipumzike sasa. Nasi tutakaoamka kesho alfajiri, Mungu atujalie kufyatua macho yakiwa wazi.