Gaudens Rwezaura, Aliyekuwa Akimrudisha Mtoto Nyumbani

Baba Paroko, wazee wangu, ndugu na majirani wa Tabata, poleni na msiba, mimi ni Demetria, dada mkubwa wa marehemu, wazee wamenipa karatasi hii wakaniambia nisome kwa ufupi na yale mambo ya moto niyaruke, nimewasikia, lakini sitayaruka.

Marehemu Gaudens alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Polikarpo Rwezaura, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1989, akichapwa kila mara kwa kuwachora walimu, tena alikuwa akiwapatia kweli, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Mwaka 2001 alifikia kwangu Sinza, akachora mabango ya baa na gesti, na mwaka 2006 akaajiriwa na kampuni moja ya matangazo Mikocheni, kazi aliyoiacha mwaka 2012, ukoo mzima tukashika vichwa, ili atengeneze filamu zake mwenyewe za vikaragosi vya udongo na waya, unakisogeza kidogo unapiga picha, unakisogeza tena unapiga tena, wiki inaisha kikaragosi hakijafikisha kikombe mdomoni. Hazikuwa na vichekesho wala mapenzi, wengi wetu hatukuzielewa, zikaonyeshwa zaidi nchi za watu kuliko hapa kwetu.

Alifunga ndoa na Felicitas tarehe 17 Agosti 2013, wakajaliwa mtoto mmoja, Gladness, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2014 na ugonjwa wa selimundu, akafariki wodini tarehe 21 Novemba 2020, huku akimuuliza kila anayeingia kama leo ndiyo anarudi nyumbani.

Ndipo Gaudens akaanza filamu yake ya mwisho, akamfinyanga Gladness, akamvika kipande cha sare yake ya shule na nywele zilizobaki kwenye chanuo lake, akawa anamtembeza kutoka geti la hospitali kuja mlango wa nyumba yao, alitaka mtoto afike, basi, hakutaka kingine. Wapita njia wakachungulia dirishani, wakasema Gaudens kamfuga mwanawe msukule, maneno yakazunguka mtaa mzima, na jamani, hakuna hata mmoja aliyebisha hodi akauliza.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024, akawa anasafishwa damu, na tarehe 14 Februari 2025, akiwa amelazwa hospitalini, Felicitas yuko naye, baadhi yenu mlioketi chini ya turubai hili, ndugu wa damu na majirani, mlivunja mlango, mkaimba mapambio, mkakichoma kikaragosi uani. Aliporudi akakuta majivu na waya, hakugombana na mtu, ila alikataa kwenda tena kusafishwa damu, tulimbembeleza mpaka machozi, akafariki nyumbani tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Picha zilizokuwa kwenye kamera hazikuungua, nimeziangalia na wifi yangu Felicitas, Gladness anatembea, anavuka barabara, anapita duka la Mzee Awadh, anafika barazani, anainua mkono agonge mlango, inaishia hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wasanii wenzake, Mzee Awadh na mkewe Hayat walioleta chakula siku zote za ugonjwa, na nyie mliochoma tunawashukuru kwa kuja kuzika, chakula kipo, kuleni, leo sina nguvu ya kuwafukuza.

Gaudens, mdogo wangu, sisi tumemwacha mtoto nje, mfungulie wewe, kisha upumzike kwa amani.