Simu Yenye Mfuko wa Turubai

Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni haina adabu: haibishi hodi wala haichagui mwenye koti. Asubuhi malori yamejipanga kutoka mpakani mpaka macho yanapochoka, madereva wamejikunja ndani ya mablanketi, na vumbi linasubiri jua ili lianze kazi. Kando ya foleni hiyo, kati ya kibanda cha fundi simu na uwanja wa fundi turubai, kuna benchi la mbao za kreti, na mbele ya benchi kuna jiko, birika, na Tupokigwe, mama wa Itumba anayemimina kahawa ya Igamba bila kumwaga tone. Hapo ndipo wanapokutana Boazi, anayeitwa Shemasi kwa sababu ana methali kwa kila jambo, hata jambo lisiloitaka. Zebedayo mbadilisha fedha, anayeitwa Kwacha. Enoka wa kibanda cha simu, Injinia kwa kujipachika mwenyewe. Na Ambwene, fundi turubai, wanayemwita Mizani kwa kuwa hasemi neno kabla ya kulipima. Wanne hao wakipata kikombe kimojakimoja huhukumu nchi mbili kabla jua halijapasha bati.

Jumamosi hiyo Mizani alikuja akaketi, akasahau kusalimia. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na simu isiyo yake. Ilikuwa ya Erica, binti yake wa kidato cha kwanza. Jana jioni mtoto alikuwa nje anaosha vyombo, simu ikawaka juu ya meza, na Ambwene akasoma ujumbe mmoja kutoka namba isiyo na jina: "Nitumie basi picha yako ukiwa chumbani. Usimwambie mtu." Namba yenyewe ilianza na tarakimu za Zambia.

Aliichukua simu, akamwambia Erica aingie ndani asitoke mpaka apewe ruhusa. Hakumuuliza kitu. Alijiambia kwamba ni hasira, kumbe ni woga. Aliogopa kusikia kwamba picha imeshakwenda. Usiku mzima aligeuka kitandani, na kulipokucha alikuwa ameapa jambo moja tu: mtu huyo atapatikana, hata kama ni kumfuata mpaka Lusaka kwa miguu.

Sasa mtu mzima hamwagi ya nyumbani kwake kijiweni. Akazunguka.

— Kuna jamaa yangu mmoja wa kule Mbangala, akaanza. Binti yake anaandikiwa na mtu asiyemjua. Anaombwa picha. Jamaa anataka ushauri.

Kahawa ikasimama midomoni.

— Kosa la kwanza ni simu ya kupangusa, Shemasi akasema. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mtoto apewe kitochi. Kitochi kinakwenda polepole, atajikwaa wapi?

Tupokigwe akauliza kama wahenga hao walikuwa wanasema habari za simu. Shemasi akamjibu kwamba wahenga walisema habari za kila kitu, ndiyo maana wakaitwa wahenga. Akaongeza kwamba dawa kamili ni kumpeleka mtoto kwa bibi yake, huko milima ya Ileje, mtandao usikofika.

— Milima ipi hiyo, Shemasi? Tupokigwe akasema. Mama yangu yuko hukohuko Ileje, pale Itumba, ana miaka sabini na kitu, na jana kanitumia video ya mbuzi anacheza. Mtandao umejaa mpaka zizini.

Wakacheka. Mizani hakucheka. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, umeikamata ile simu.

Injinia akakohoa, kama afanyavyo kabla ya kuleta utaalamu. Akaeleza kwamba tatizo la Tunduma ni minara. Mnara wa ng'ambo umeinamia upande huu, yeye kaupima kwa macho, na mawimbi yanavuka mpaka bila pasipoti wala kugongewa muhuri. Kwa hiyo jamaa wa Mbangala aezeke turubai juu ya bati, turubai mbili, katikati amwage maji ya chumvi. Wimbi la ng'ambo likigusa chumvi linakufa.

— Na wimbi la kwetu je?

— La kwetu limezoea chumvi. Lina njia ya baharini.

— Ndiyo hiyo, Shemasi akadakia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aezeke, na ukuta ajenge kabisa.

Kwacha alikuwa anatikisa kichwa muda wote. Kwake hayo yalikuwa mambo ya watoto. Aliwasogelea, akashusha sauti. Huko mtandaoni, alisema, kuna soko la sura. Sura ya mtoto inapokelewa, inabadilishwa, inatoka upande wa pili ni ya mtu mwingine, kama yeye anavyopokea shilingi akatoa kwacha. Leo mtoto ana sura yake, kesho unaikuta kwenye kopo la maziwa Afrika Kusini, inacheka.

— Kwa hiyo tumtege, akasema. Mimi naweza sauti ya kike. Nampigia, namwambia nimekubali, njoo mpakani. Navaa kitenge, najifunika kichwa. Akitokea, Mizani anamfunga na kamba za turubai.

— Na zile ndevu zako? Tupokigwe akauliza.

— Nitasema nina mafua, nimejifunga skafu.

Ambwene akapima neno lake, akalitoa.

— Ameshapigiwa. Jamaa alimpigia leo alfajiri kwa simu yake. Mwanaume akaitikia kwa Kinamwanga. Aliposikia sauti ya mtu mzima, akakata.

Hapo benchi likachangamka upya. Shemasi akasema namba ya Zambia maana yake Mzambia, basi. Injinia akasema Kinamwanga maana yake ni mtu wa hapahapa. Kwacha akawakumbusha kwamba yeye mwenyewe ana laini mbili, mke wake tatu, na nusu ya mji inanunua laini ng'ambo kufuata bei ya kifurushi. Na Wanamwanga wako huku na wako kule, mpaka uliwakuta wanalima. Mjomba wake yuko Nakonde, akipika ugali moshi unaonekana. Kwa hiyo mtu huyo angeweza kuwa ng'ambo, angeweza kuwa mtaa wa tatu, angeweza kuwa anapita mbele yao sasa hivi anakwenda kununua mkate. Wakatazama barabarani wote kwa pamoja, na bwana mmoja aliyebeba mkate akaongeza mwendo.

Ambwene hakuwa na la kuchekea. Kadiri walivyozidi kusema ndivyo mtu yule alivyozidi kuenea, mpaka akawa mji mzima. Na yeye alitaka mtu mmoja tu, mwenye shingo.

— Simu yenyewe iko wapi? Injinia akauliza. Imefungwa? Niletee. Naiflashi, inafunguka kama imetoka dukani. Safi, haina hata herufi.

Mizani akachomoa mkono kwenye koti.

Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa turubai la buluu, umeshonwa kwa uzi mnene, kona nne zimerudiwa mara mbili. Fundi mmoja tu mji huu anarudia kona mara mbili. Tupokigwe akaitazama, akageuka kuchochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Kwacha akaukumbuka mfuko ule; Ambwene aliushona hapohapo kijiweni kwa kipande kilichobaki, siku Erica alipofaulu kwenda sekondari, akawa anawaonyesha wote kwa majivuno. Jamaa wa Mbangala alikuwa amekwisha, na kwa heshima walimwacha apite.

— Ukiiflashi, na ule ujumbe? Ambwene akauliza.

— Unakwenda. Kila kitu kinakwenda. Si ndiyo vizuri?

Injinia alikuwa amenyoosha mkono. Ambwene akanyoosha wake. Baina ya mikono hiyo kulikuwa na shubiri moja, na kusema haki, fundi yule wakati huo alitamani hivyo hasa: kila kitu kiende, kiwe hakijawahi kuandikwa.

— Mulishani, batata.

Wakageuka. Alikuwa dereva, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu, amesimama nyuma ya benchi. Toka lini, hawakujua. Alijitaja kuwa Watson, wa Kapiri huko Zambia, ana siku ya pili kwenye foleni, turubai lake limechanika, ameelekezwa kuwa fundi hukaa hapa. Salamu ile ya Kibemba iliwatahayarisha, maana Shemasi alikuwa ametoka kuwahukumu watu wa ng'ambo wote kwa mkupuo. Tupokigwe peke yake ndiye aliyeitikia na kumpa kikombe.

— Samahani, mukwai, Watson akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani. Nimesikia maneno. Mimi nina wasichana wawili kule nyumbani. Nataka kuuliza tu.

— Uliza, bwana.

— Mwana mwenyewe anasema nini?

Shemasi akafungua mdomo kutafuta wahenga, hawakuwepo. Injinia akaurudisha mkono wake mapajani. Kwacha akatazama kahawa yake kana kwamba imeandikwa. Tangu kikombe cha kwanza walikuwa wamemweka mtoto kwa bibi, wamemfunika kwa turubai, wamemvalia kitenge na kumwekea sura kwenye kopo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitaja jina lake.

Watson akadhani Kiswahili chake hakikueleweka. Akarudia, taratibu zaidi.

— Mtoto. Ameulizwa? Amesema nini?

Na Ambwene akaiona Alhamisi. Alikuwa juu ya lori la mbolea, anavuta kamba, wakala chini anamhimiza kwamba gari linaingia getini. Erica alisimama pale chini na sare yake ya shule, ameshika simu kwa mikono miwili, ameinyanyua kidogo. Akaita baba. Akaita tena. Naye, bila kuiachia kamba, akamjibu baadaye, mwanangu, baadaye. Mtoto akangoja kidogo, kisha akaondoka. Ile baadaye haikuja. Jioni alikula, akalala. Ijumaa vilevile, na simu ikawaka juu ya meza.

Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko hasira ya usiku kucha.

— Ni wangu, akasema. Mnajua ni wangu. Sijamuuliza.

Akairudisha simu kwenye mfuko wake wa turubai na kusimama. Kwacha akasimama pia, akisema waende wote, kitenge hakikosekani. Ambwene akamkalisha kwa kumgusa bega. Shemasi akasema kwa sauti ndogo, mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari methali yake ikakaa mahali pake. Mwenyewe alishtuka.

Nyumbani Erica alikuwa ameketi kitandani, hajala. Alipomwona baba akavuta magoti kifuani. Ambwene alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakamtoka. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, ili asiwe juu yake. Akamwekea simu mikononi.

— Alhamisi ulikuja kuniambia kitu, akasema. Nimekuja kukisikia. Sitakupiga. Hata kama umetuma, sitakupiga.

Erica alimtazama, akampima baba yake kama watu wa mjini wanavyosema yeye hupima. Kisha akaifungua simu na kuiweka katikati yao.

Yote yalikuwepo. Mtu yule alianza kwa kusifu sauti yake katika video ya kwaya. Akauliza shule. Akaomba picha. Na chini yake Erica alikuwa ameandika: "Sitaki. Nitamwambia baba." Jibu lilikuja palepale: "Mwambie. Baba yako ana muda na wewe?" Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mchana: "Umemwambia? Nilijua." Na jioni ule aliousoma yeye.

Picha haikutumwa.

Ambwene alirudia kuusoma ujumbe mmoja tu, ule wa Alhamisi. Mtu asiyemjua alikuwa amemjua. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Kwa nini hukufuta?

— Mwalimu alisema tusifute, Erica akajibu. Alisema umwonyeshe mtu mzima unayemwamini, halafu muende polisi, kwenye dawati la watoto. Nikaja kwako.

— Mwingine hukumfikiria?

— Hapana.

Hakukuwa na la kupima hapo. Akamwambia avae sweta, avae viatu, na simu aibebe yeye mwenyewe kwa kuwa ni yake.

Njia ya kituoni inapita kijiweni. Birika lilikuwa limelazwa, kahawa imekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Injinia alikuwa na simu sikioni anamuuliza mwanawe habari za shule, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Watson akavua kofia. Waliwatazama baba na binti wakija kando ya malori, bega kwa bega.

Mbele kidogo dirisha la lori likashuka. Alikuwa wakala yuleyule wa mbolea wa Alhamisi, mkono nje, anapiga mlango.

— Fundi, gari linaingia getini. Panda ufunge turubai, haraka.

Ambwene hakupunguza mwendo.

— Baadaye, akasema.

Erica akageuka kumtazama, kwa kulisikia neno lile likiambiwa mtu mwingine.