Tamara Ogloblina, Ambaye Mama Yake Bado Anamsubiri kwenye Simu

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Rodion, au Rodya kwa watu wa nyumbani, mdogo wake Tamara, fundi wa kuchomelea niliyejifunzia kazini, familia imenituma nisome, na kwa kuwa sijui kupamba maneno mtanivumilia.

Tamara Pavlovna Ogloblina, Toma wetu wa nyumbani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Chelyabinsk, Urusi, mtoto wa kwanza wa Pavel na Antonina, akasoma hapo hapo hadi kuhitimu uhandisi wa metali mwaka 1988, akafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha chuma, na Septemba 1998 akahamia hapa Edmonton, Kanada ikiwa imemkubali kwa ujuzi wake, akaajiriwa kupima mabomba ya mafuta mpaka alipougua.

Tarehe 8 Juni 2002 alifunga ndoa na shemeji yangu Shen Guoliang, mkemia kutoka Shenyang, China, wakajaliwa binti mmoja, Vera, mwaka 2004.

Niseme wazi, maana wote mmo humu ukumbini, sisi Warusi tulikuja na vyeti sawa na Wachina, lakini wao wakifika wanatafutana, wanaulizana umekula, unakaa wapi, na sisi tukisikia Kirusi dukani tunashusha sauti na kuhamia rafu nyingine, kila mtu akimshuku mwenzake, Tamara alikuwa hivyo, na mimi ni hivyo.

Alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho, Novemba 2022, chama kizima cha watu wa Shenyang kilijua, wakapokezana kuleta supu, ila ukiniondoa mimi, Mrusi hakuambiwa hata mmoja, kwani Tamara aliogopa habari isije ikamfikia mama, mzee mwenye moyo mbovu, aliyeanguka sakafuni alipopigiwa simu ya kifo cha baba. Guoliang aliniambia, "Shemeji, kwetu mzee aliye mbali hapewi habari ya namna hii, unamwachia amani yake," nikamjibu kwa hasira kwamba huo ni uongo uliovalishwa adabu, Tamara akanikata, "Rodya, punguza mdomo, mama akifa kwa ajili yangu utamzika wewe?" Nikaapa kunyamaza.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Februari 2024, mumewe na binti yake wakiwa pembeni, na tangu hapo mama akipiga simu Vera humwambia kwamba Tamara yuko kazini, naye hujibu, "Mwambie avae kofia, kuna baridi," lakini jana aliniuliza polepole, "Rodya, mbona mtoto analia akiongea na mimi?" nikakata simu kwa woga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, majirani, chama cha Shenyang kwa supu na kwa kutunza siri, na ninyi Warusi mliokuja leo baada ya miaka ya kukwepana, ila nawasihi, asipige mtu simu Chelyabinsk. Nitampigia mama mwenyewe tukitoka makaburini, na jirani yake, nesi mstaafu, ameshakwenda kunywa naye chai ili habari isimkute peke yake.

Dada, nilikuapia, na leo kiapo hicho nakivunja mbele ya watu wako wote. Lala kwa amani, Toma.