Sifuri Iliyoishinda Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa Idara ya Takwimu, na wewe shemeji yetu fundi saa, uliyefika kabla ya viti: nawasalimu kwa vyeo vyenu, na wasio na cheo nawasalimu mara mbili.

Nimepewa dakika tano kumuaga dada yetu, Mama Jedwali, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na miwili. Mkurugenzi ameniomba nieleze kazi yake kwa lugha nyepesi, kwa kuwa mwaka jana nilieleza kwa lugha nzito na wageni wawili wakalala.

Kazi yenyewe ni hii. Mwananchi anapewa vitu vitano, anaandika moja kwa anachokipenda zaidi, mbili kwa kinachofuata, hivyo hivyo hadi tano. Sisi tunaigeuza orodha yake iwe kama ligi, kila kitu kikutane na kila kingine, viwili viwili, na kila kisanduku cha jedwali kiseme ni watu wangapi wamekipenda hiki kuliko kile. Kompyuta inamaliza kabla hujapiga chafya. Mama Jedwali hakuiamini. Kila Ijumaa alichukua fomu kumi na mbili, penseli na kifutio, akahesabu kwa mkono, na sisi wenye shahada zetu tukamcheka. Hebu niulize: kati yetu tuliocheka, nani alijua anachokicheka?

Miaka kumi na mmoja iliyopita wananchi waliulizwa zahanati ya mama na mtoto ijengwe wapi. Maeneo yalikuwa matano. La tano lilikuwa ubavuni mwa jalala, na watu walilichukia kiasi kwamba hawakulipatia hata namba ya mwisho, waliacha wazi. Programu yetu ikakuta pengo, ikalijaza sifuri. Na kwa kuwa kwetu namba ndogo ndiyo bora, sifuri ikaishinda moja. Jalala likayafunga maeneo yote manne, nyumbani na ugenini. Mheshimiwa, utakumbuka kwamba ulisimama ukaisifu busara ya wananchi. Matofali yakashushwa.

Ijumaa ile penseli ikakataa kukubaliana na kompyuta. Mama Jedwali akarudia fomu zake mara tatu, akavaa viatu vyake vya mikutano, akapanda ghorofani peke yake. Mheshimiwa ukamuuliza, "Nani kafanya upuuzi huu?" Akajibu, "Ripoti nimesaini mimi." Matofali yakahamishwa, na leo kina mama wanajifungulia mahali pasipo na nzi. Wiki iliyofuata jina lake likakatwa kwenye orodha ya kumtafuta mkuu wa idara, alikokuwa wa kwanza, akachukuliwa wa pili. Wa pili ni mimi.

Jamani, hotuba aliyoipitia Mkurugenzi inaishia hapo. Nitaendelea kidogo.

Ule mstari wa programu wa kujaza sifuri niliuandika mimi. Niliuandika saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai, na nikajipongeza. Nilipomfuata chumba cha mafaili nikitaka kukiri, aliniambia, "Mdogo wangu, una kichanga nyumbani. Wewe watakufukuza. Mimi watanikasirikia tu." Kisha akavuta kiti, akanionyesha pa kusahihisha. "Mtu akiacha wazi, mwachie wazi. Usimsemee." Akarudi mezani kwake, nami nikaenda kukalia kiti ambacho kingekuwa chake. Kinazunguka vizuri sana. Nimepongezwa nikiwa juu yake mara nyingi, na kila mara nilisema asante.

Shemeji, mkeo hakukosea. Kila ulipokuja kurekebisha saa ya ofisini kwangu nilitaka kukuambia, nikaishia kukuuliza habari za watoto. Nina aibu, na sijui jambo jingine ninalowazidi wenzangu isipokuwa hilo.

Mheshimiwa, bahasha iliyo mbele yako si ratiba. Ni maelezo yangu, yenye tarehe na programu yenyewe. Jalada la Mama Jedwali lina karipio moja katika miaka thelathini na miwili, nalo ni la sifuri yangu. Anakabidhi funguo saa kumi. Naomba karipio hilo lihamie kwenye jalada langu kabla hajafika getini.

Dada, naona unanipungia mkono nikae. Miaka kumi na mmoja nimekutii, na nimenufaika. Leo niache nisimame.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu.