Kaimu, Aliyerudi Darasani Baada ya Soko Kuvunjwa

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, asanteni kwa kuja kutushika mkono. Maneno haya yameandikwa na mjane wa marehemu pamoja na wadogo zake, na mdogo wake wa mwisho ndiye anayeyasoma. Pale atakaposhindwa kuendelea, tunaomba mumvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967 katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na mama alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, mdogo kiasi kwamba mkunga alimshauri mama asimzoee sana. Mama hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alimfunga kifuani kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, akarudi kwenye cherehani yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Walimu walimpenda kwa utulivu, wakamfanya kiranja. Siku moja mwalimu alitoka, na aliporudi alikuta orodha ya wapiga kelele inaanza na jina la kiranja mwenyewe. "Si wewe ndiye uliyekuwa unaandika?" mwalimu aliuliza. "Ndiyo, mwalimu," alijibu, "lakini niliwanyamazisha kwa sauti kubwa." Darasa zima liliangua kicheko, yeye akabaki anashangaa wanacheka nini. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akafaulu vizuri. Ndoto yake ilikuwa chuo kikuu, lakini baba alifariki mwaka huohuo na nyuma yake kulikuwa na wadogo watatu. Alikwenda kusoma cheti cha serikali za mitaa, kozi fupi kuliko zote alizoziona, ili arudi haraka. Sisi wadogo zake tulisoma kwa jasho lake, na hakuwahi kutukumbusha hilo hata tulipomkosea adabu.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa na halmashauri kama karani wa masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako vumbi la majalada lilimpa mafua yasiyopona. Mwaka 1996 alihamishiwa idara ya masoko. Huko ndiko alikochanua. Alijua nani anauza nini na wapi, nani amefiwa, na nani amegombana na jirani yake wa meza. Alisoma stashahada kwa masomo ya jioni, na mwaka 2006 mkuu wa idara alipostaafu akaambiwa akaimu nafasi hiyo kwa muda. Huo muda ukawa miaka kumi. Kila alipouliza habari ya kuthibitishwa aliambiwa kwamba nafasi inahitaji shahada ya uzamili. Asubiri, ataangaliwa. Mwisho wa yote watu waliacha kumwita kwa jina, wakamwita Kaimu, na yeye akawa anaitika.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993 na mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi aliyekuwa jirani yao. Mungu aliwajalia binti wawili na mtoto wa kiume. Nyumba yao haikuwa kubwa, lakini mgeni hakukosa kiti. Jina lile la Kaimu lilipofika nyumbani, mkewe alimuuliza mbele ya wageni, "Na mimi je, baba? Umeshanithibitisha, au bado nakaimu?" Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wewe ndiye mwenye ofisi. Mimi ndiye naomba nisifukuzwe."

Sasa tufike mahali ambapo yeye mwenyewe asingependa tuparuke. Mwezi Juni 2013 halmashauri iliamua kuvunja soko la zamani ili pajengwe kituo cha mabasi. Notisi iliyobandikwa iliwapa wafanyabiashara wiki mbili wahame, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya marehemu. Kabla hata wiki ya kwanza haijaisha alipigiwa simu kwamba wakubwa wamebadilisha tarehe, tingatinga linakuja kesho alfajiri. Hakubisha. Alikwenda, akasimama kando akiwa amevaa koti lake la kazi. Mama mmoja muuza nyanya alimkimbilia akamshika mkono wa koti. "Kaimu, waambie wasubiri! Mali yangu yote imo ndani!" Marehemu alimjibu maneno matatu: "Mama, ni amri."

Alirudi nyumbani, akaweka koti juu ya kiti, akakaa. Mkewe alimwekea chakula, akakiangalia tu. Kwa wiki kadhaa alikuwa mtu wa kuitwa mara mbili ndipo asikie. Waliohamishwa walipelekwa kwenye kiwanja pembeni ya mji, hakuna paa, hakuna maji, na wateja hawakuwafuata.

Mwaka uliofuata, Septemba 2014, akiwa na miaka arobaini na saba, alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika utawala wa umma. Ofisini walimpongeza, wakidhani sasa anakitafuta kile kiti cha mkuu wa idara. Mkewe peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli. "Nataka kujua amri ile ilipita milango gani mpaka ikanifikia mimi," alimwambia, "na kwa nini hakuna mlango hata mmoja alipokaa mtu wa kuuliza."

Alisoma kwa shida. Darasani alikaa mbele kwa sababu ya macho, vijana wakamwita Mzee wa Mbele na kumtuma aombe muda zaidi kwa wahadhiri, maana yeye hakukataliwa. Kompyuta alifundishwa na mwanawe. Siku alipofuta sura nzima kwa kubonyeza kitufe kisichohusika, alimuuliza mwanawe kwa upole kama kompyuta nayo ina masijala. Kwa bahati mbaya haikuwa nayo. Akaanza upya.

Kwa tasnifu yake alichagua jambo moja: kama wafanyabiashara wa masoko husikilizwa kabla ya maamuzi kufanywa juu yao. Ilimbidi aende kile kiwanja pembeni ya mji kuwahoji watu walewale. Wengi walimjibu kwa heshima baridi. Yule mama muuza nyanya alimkatalia katakata. "Ulikuja na tingatinga, leo umekuja na karatasi," alimwambia. "Kesho utakuja na nini?" Marehemu alikunja karatasi zake, akaondoka. Lakini kila wiki alikuwa anapita, anasalimia, anaondoka. Mpaka siku moja mvua kubwa ikawabana wote wawili chini ya turubai lake, maji yanapita katikati ya miguu yao, na yule mama akasema, "Haya, uliza. Mvua haina pa kwenda, na mimi sina." Akamsimulia yote. Mtaji ulizikwa siku ile, na binti yake aliyekuwa kidato cha tatu akaacha shule akaenda kufanya kazi za ndani, na tangu hapo hazungumzi na mama yake. Marehemu aliandika kila neno, na mkewe anasema usiku ule hakulala.

Sura aliyoandika kutokana na mahojiano hayo ilisema wazi kwamba amri haikufuata utaratibu, na kwamba kaimu mkuu wa idara aliitekeleza bila kuhoji. Msimamizi wake chuoni, mama mmoja profesa mwenye huruma, alimwonya kwamba ni vigumu mtu kujichunguza mwenyewe, akamtaka aongeze sauti za wengine. Aliongeza. Lakini habari zilifika ofisini. Mwezi Machi 2016 mkurugenzi wa halmashauri alimwita, akafunga mlango. "Barua yako ya kuthibitishwa iko tayari mezani," alimwambia. "Maliza shule, lakini andika mambo ya kawaida. Ya nini kujipaka tope?"

"Tope lipo tayari, mkurugenzi," marehemu alijibu. "Mimi nimesema tu lilipo."

Kabla mwezi haujaisha aliondolewa kukaimu. Akapelekwa masijala, kwenye chumba kilekile cha chini kisicho na dirisha. Mtu wa nusu umri wake alikalia kile kiti, akathibitishwa. Hatukumsikia akilalamika, na tunadhani ingekuwa heri angelalamika. Ukimya ule ulimla.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 miguu ilianza kuvimba. Alisema ni viatu, akanunua vingine vikubwa. Kisha akasema ni kukaa sana. Mkewe alimsihi aende hospitali, naye akajibu kila mara kwamba akimaliza sura hii ataenda. Siku moja mkewe, mwalimu wetu huyu mpole, alishindwa kuvumilia, akapaza sauti, nyumba nzima ikasikia: "Hiyo shahada utaivalia sanda?" Alikwenda kesho yake. Madaktari walikuta figo zote mbili zimechoka kabisa. Tangu hapo alikuwa akipelekwa hospitali ya mkoa kusafishwa damu, na akirudi anakuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Januari mwaka huu aliomba jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Alikuwa amewaahidi wafanyabiashara kwamba atawasomea alichoandika kabla ya kukipeleka kokote, na alitaka kutimiza ahadi. Mkewe alikataa, kisha akaenda naye kule kiwanjani. Walimkalisha juu ya kreti, wafanyabiashara wakamzunguka. Alisoma kurasa chache, sauti ikakatika, mkewe akapokea karatasi akaendelea, hata pale palipomtaja mumewe kwa cheo. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule mama muuza nyanya ndiye aliyesema kwanza. "Umesema kweli," alisema. "Lakini kweli haiezeki paa."

"Najua, mama," marehemu alijibu. "Nisamehe."

"Pole kwa kuumwa," mama yule alisema, akarudi kwenye meza yake. Mkewe alimshika mkono mpaka nyumbani.

Tasnifu ilibakiza sura ya mwisho, ya mapendekezo, ambapo mtafiti hueleza kifanyike nini. Sura hiyo ilimshinda. Alikuwa akisema, "Niwashauri nini watu ambao hawakosi ushauri?" Tarehe 10 Mei, wodini, alijisikia nafuu kidogo, akamwomba binti yake mkubwa aandike anachosema. "Andika: watu waulizwe kwanza." Binti akaandika. Akamwomba amsomee. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Futa," alisema. "Halijakaa sawa. Kesho tutalipanga vizuri." Alifariki tarehe 11 Mei 2018 saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, binti yake akiwa amesinzia kwenye kiti pembeni yake.

Wakati wa kuandaa ratiba hii ya maziko kuna waliotaka jina la shahada lichapishwe chini ya picha yake, wakisema alibakiza kidogo tu, nani atajua. Mkewe alikataa. "Hakumaliza," alisema. "Aliugua akitafuta karatasi zinazosema kweli. Msimzike na ya uongo." Ndiyo maana chini ya picha hamtaona kitu.

Marehemu ameacha mke, binti wawili, mtoto mmoja wa kiume, mjukuu mmoja ambaye bado hajaanza kutembea, kaka mmoja, na wadogo watatu. Ameacha pia mama yake mzazi, aliyekaa hapo mbele. Mama siku hizi anasikia kwa tabu na anasahau upesi. Tangu jana tumemweleza mara nyingi, na kila mara analia upya, kisha baada ya muda anatugeukia na kuuliza mbona watu wamejaa hivi nyumbani kwake, na mwanawe wa pili yuko wapi awapangie viti.

Mungu amlaze mahali pema, na amani aliyoikosa miaka hii ya mwisho aipate sasa.