Siku Moja na Nusu ya Dada Ok-rye

Mbele ya duka la Mama Jin-a, pale barabara ya kisiwa cha Yeongdo, mjini Busan, inapokata kona kabla ya kuanza ngazi, kuna benchi pana la mbao mithili ya kitanda kisicho na godoro. Wenyewe huvua viatu, hupanda, hukunja miguu, na hapo ndipo dunia hupangwa upya kila asubuhi juu ya vikombe vya karatasi vya kahawa ya pakiti, ile tamu inayokuja na maziwa yake ndani. Nahodha hukaa upande wa bahari. Miaka ishirini alikuwa melini, jikoni, akipika wali na supu ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, lakini hakuna aliyewahi kumwita Mpishi. Mwenyekiti hukaa katikati, ingawa uenyekiti wa mtaa aliuachia miaka kumi na mmoja iliyopita. Mama Jin-a mwenye duka huingia na kutoka na birika. Na Mama Nyundo hukaa pembeni, sikio la kushoto kalielekeza kwa wenzake, maana usikivu wa la kulia ulibaki kwenye karakana ya meli, alikogonga kutu kwa nyundo miaka thelathini akining'inia kwenye mbavu za vyuma.

Jumanne hiyo yeye ndiye aliyekuwa na habari. Dada yake Ok-rye, wa kule Bonghwa milimani, anakuja Jumamosi. Atafika saa tano asubuhi kwa basi, ataondoka kesho yake saa nane mchana. Ana miaka sabini na sita na hajawahi kutia mguu Busan.

— Hajawahi kabisa? aliuliza Mwenyekiti.

— Bahari kaiona kwenye televisheni, alijibu Mama Nyundo.

Basi ikawa kazi. Mama Jin-a akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, akaigeuza upande mweupe, akampa Mwenyekiti kalamu, kwa sababu Mwenyekiti asingeweza kufikiri bila kalamu. Mama Nyundo aliomba jambo moja tu: ratiba ijae. Asibaki mtu amekaa anatazama ukuta.

Mwenyekiti alianza na daraja. Jumamosi saa nane mchana daraja la kuingilia kisiwani hunyanyuliwa, na kwa maoni yake mgeni ambaye hajaliona likisimama wima hawezi kurudi kwao akasema amefika. Nahodha akacheka mpaka kahawa ikamwagikia soksi. Daraja ni chuma tu, alisema, na chuma hata milimani kipo. Mtu wa bara apelekwe majini. Apandishwe boti, azungushwe kisiwa chote, atapike mara moja.

— Atapike? Mama Jin-a alisimama na birika lake. Mama wa miaka sabini na sita?

— Mara moja tu, Mama Jin-a. Tumbo la mlimani limezoea kutulia. Asipolitikisa siku ya kwanza, samaki mbichi hatamkalia. Nimeona vijana wa kutoka bara, wanaume wenye mabega, wamekula bila kutapika kwanza, wakalala siku tatu.

— Walilala kwa sababu ya mapishi yako, alisema Mwenyekiti, na akaandika boti saa tisa.

Mama Jin-a naye hakukubali watu wapange safari kama hakuna anayekula. Akatoa milo: saa sita supu ya nguruwe na wali, saa kumi na moja mikunga ya kuchoma, saa moja jioni samaki mbichi, asubuhi uji wa makombe ya baharini, na kabla ya basi tambi za baridi. Mwenyekiti alipohesabu milo mitano katika siku moja na nusu, Mama Jin-a akamjibu kwamba mgeni wa milimani hula kidogo kidogo kwa sababu ya mteremko. Chakula kwao hushuka upande mmoja. Hapo Mwenyekiti akakumbuka kwamba watu wa huko hata kutembea hutembea wameegemea upande, na wakifika ufukweni, pasipo na mlima wa kuwashika, huenda wakijipinda kuelekea majini bila kujijua. Akapendekeza ufukweni mgeni ashikwe mikono na watu wawili, yeye akiwa wa kwanza. Nahodha akajitolea kuwa wa pili.

Mama Nyundo alicheka nao. Lakini kila kicheko kilipokatika, aliinama juu ya karatasi na kuweka kidole.

— Na hapa, kati ya saa kumi na kumi na moja? Pako wazi.

Wakajaza. Kigari kinachoning'inia kwenye waya, juu ya ghuba.

— Na Jumapili saa mbili asubuhi?

Wakajaza. Soko la samaki.

— Na usiku, kabla ya kulala?

Nahodha alikuna kichwa. Alisema hata jeshini walikuwa wakipewa dakika kumi za kuvuta sigara. Mwenyekiti akaandika taa za bandari, saa tatu hadi saa nne.

Mama Nyundo hakuwaambia sababu, na wao walijua nusu yake. Walijua kwamba kwa kawaida mdogo ndiye humfuata mkubwa. Dada mkubwa kushuka mlima mwenyewe ni jambo lililogeuzwa juu chini, na likigeuzwa hivyo kuna neno linakuja. Nusu nyingine aliijua peke yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipomwambia Ok-rye kwamba anakwenda sokoni. Mama yao alikuwa kitandani, miguu imevimba, na sufuria ya dawa ilikuwa jikoni inachemka. Akapita soko, akapanda basi la Busan. Miaka mitatu baadaye ilikuja telegramu ya msiba wa mama yao. Alifika mpaka kituo cha basi, akakata tiketi, akaitazama mikono yake iliyojaa kutu hadi kwenye kucha, akarudi kazini. Alituma fedha za mazishi. Tangu hapo wameonana harusini na misibani, daima katikati ya watu, wakipitishiana sahani. Ok-rye hakuwahi kuuliza. Wiki iliyopita alipiga simu akasema, nakuja kuiona hiyo bahari yako, usiku mmoja tu.

Ratiba ilikuwa imeshajaa ukurasa mzima alipokuja Bi Tak kununua tofu. Huyu alihamia nyumba ya ngazi ya juu mwezi huo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, dereva wa basi la mtaa, na bado hakuwa na mahali pake kwenye benchi. Mwenyekiti hakuweza kujizuia. Akamwekea karatasi mbele, akamwomba kama mtu wa kazi hiyo aseme kama kuna kosa.

Bi Tak aliisoma kwa kidole, toka juu hadi chini, midomo ikicheza. Alisema kutoka kwenye boti hadi kwenye kigari cha waya dakika ishirini hazitoshi Jumamosi. Mwenyekiti akarekebisha kwa fahari. Bi Tak akaendelea kusoma, akarudi juu, akashuka tena.

— Hawa ni ndugu wa tumbo moja? aliuliza.

— Tumbo moja.

— Na hawajakaa pamoja siku nyingi?

— Miaka hamsini na mmoja, alisema Mama Nyundo.

— Sasa wataongea saa ngapi?

Nahodha alisema kwenye boti, kisha akakumbuka injini na sikio la Mama Nyundo, akajirudi. Mama Jin-a alisema kwenye mikunga, lakini pale kwenye mikunga watu huagiza kwa kupiga kelele. Mwenyekiti alizungusha kalamu. Kwenye kigari cha waya hupakiwa watu wanane.

— Nauliza tu, alisema Bi Tak. Basi langu hata lichelewe vipi, mwisho wa njia nasimama dakika saba. Bila hizo mtu anaendesha tu, hajui tena anakwenda wapi.

Akalipia tofu yake, akapanda ngazi.

Birika lilikuwa tupu, na Mama Jin-a hakuingia kulijaza. Kisha Nahodha akasukuma kikombe chake pembeni.

— Futa boti yangu, alisema. Mawimbi Jumamosi yatakuwa makubwa.

— Umejuaje? aliuliza Mwenyekiti.

— Wewe futa.

Mwenyekiti akafuta boti. Akafuta na kigari cha waya, akaitazama kalamu kidogo, akafuta na daraja lake, mstari wa taratibu, kama mtu anayeaga. Mama Jin-a akasalimisha mikunga na samaki mbichi, akabakiza supu ya nguruwe, kwamba hiyo ni ya afya. Kuanzia saa nane mchana hadi giza karatasi ikawa nyeupe. Mama Nyundo aliutazama ule weupe, na mikono yake ikatafutana mapajani.

— Nyinyi hamjui, alisema. Mimi sijui kukaa naye mikono mitupu. Akinitazama usoni nitaanza kuosha vyombo.

— Vyombo vitaisha, alisema Mama Jin-a kwa sauti ya chini, upande wa sikio lake zima.

Mama Nyundo akateremka benchini, akavaa viatu, akaingia dukani, na wengine wakamsikia akisogeza maboksi. Mama Jin-a akamfuata. Alimkuta ameinama mbele ya dagaa wakavu, wale wakubwa wa kuchemshia supu.

— Nina waliokwisha kuchambuliwa, Mama Jin-a alimwambia. Safi kabisa, unatia sufuriani tu.

— Nataka wenye vichwa. Na matumbo.

Wanawake wa pwani ile wote wanaijua kazi hiyo: gazeti sakafuni, lundo katikati, kichwa kinavunjwa, tumbo jeusi linatolewa kwa ukucha, macho yako chini na mdomo uko huru.

— Boksi moja, alisema Mama Nyundo, watu wawili wanalimaliza kwa muda gani?

— Wakizungumza? Saa mbili.

Mama Nyundo alihesabu moyoni, akianzia mahali anapopajua, sokoni, akipita kituo cha basi, mpaka leo.

— Nipe matatu, alisema.