Draiva ya Diski Iliyonuna

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba leo nimehudhuria kongamano la wataalamu wa kompyuta. Lilifanyika kwenye kiti kilicho mbele yangu ndani ya basi, na sikualikwa.

"Nasimika programu ya kuigawa seva moja, ile kompyuta kuu ya ofisi, iwe kama seva nyingi," kijana mwenye begi la nyaya alimlalamikia mama aliyeketi naye, kumbe naye ni fundi. "Ikifika kwenye draiva ya diski, ile programu ndogo inayozungumza na diski, inaganda. Na kesho bosi anataka aione ikifanya kazi." Mama akauliza, "Diski za zamani umezichomoa?" Kijana akaruka: "Zina data ya wateja wote, mama! Sizigusi." "Basi ngoja uzeeke. Draiva inapiga hodi kwa kila diski, na moja imekufa. Maiti hafungui mlango. Zichomoe, usimike, kisha uzirudishe." "Nikizichanganya, bosi atanichomoa mimi!" "Si uzibandike namba?" "Nitaizima seva niiwashe tena." "Mara ya ngapi, baba?"

Kijana akatazama dirishani kwa hadhi ya balozi. Basi likasimama kituo cha mwisho. Mama akanigeukia: "Na wewe, shule iliyoandikwa kwenye beji yako si tumeipita kitambo?"

Nikakiri. Nilitaka kujua kama kijana atazichomoa zile diski.